Vumbi la plastiki: orodha ya Ulaya na vinu vya Kisumu

Kila baada ya miezi michache orodha ileile huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, ya ploti, ya chama, ya kanisa: njia kumi za kujikinga na maikroplastiki. Acha mrija wa kunywea soda. Funga kichujio kwenye mashine yako ya kufulia. Usinywe chai ya vifuko. Usinunue sabuni ya uso yenye vipunje vya kusugulia. Nimeisoma kwa sura zake mbalimbali na kila mara hujiuliza iliandikiwa nani. Katika mitaa ya Kisumu kama Manyatta na Nyalenda, mashine ya kufulia ni mikono ya mama fua. Chai yetu ni majani yanayotokoswa sufuriani pamoja na maziwa. Na vile vipunje vya sabuni, Marekani ilivipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2015, Uingereza ikafuata 2018, na hata kabla ya hapo vilikuwa sehemu ndogo sana ya tatizo.

Orodha hiyo haina uongo. Ila ni koti lililoshonewa mtu mwingine, nasi tunalivaa mchana wa Kisumu.

Tuanze na kipimo. Maikroplastiki ni chembe yoyote ya plastiki isiyozidi milimita 5. Jina hilo lilishika tangu mwaka 2004, pale Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth na wenzake walipoonyesha kwamba mchanga wa fuo za Uingereza umejaa vipande na nyuzi ambazo jicho halizioni. Zipo chembe zinazozaliwa zikiwa ndogo: uzi unaokatika kwenye fulana ya poliesta, unga unaobanduka kwenye tairi likisuguana na lami. Na zipo zinazotokana na kitu kikubwa kuvunjika: chupa, beseni, ndoo, juala, wavu.

Tofauti hii hupotea mara nyingi, na ikipotea hesabu yote inakwenda kombo. Mwaka 2017 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, lilitoa makadirio yanayonukuliwa hadi leo, kwamba nguo zinachangia asilimia 35, matairi 28 na vipodozi 2. Wanaonukuu husema hiyo ni asilimia 35 ya maikroplastiki yote inayoingia baharini. Sivyo. Makadirio yale yalihesabu zile zinazozaliwa ndogo peke yake. Chupa iliyopasukapasuka kando ya barabara ya Kondele haimo humo kabisa. Mahali ambapo lori la taka hupita kila wiki bila kukosa, mtu anaweza kuliruka pengo hilo. Kwetu pengo hilo ndilo habari yenyewe.

Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, iko karibu kabisa na ikweta, na jua lake halina msamaha. Miale ya urujuanimno hukata minyororo mirefu ya molekuli inayoipa plastiki ulaini na uimara wake. Kila mwenye ndoo iliyoachwa nje anaijua safari hiyo. Rangi hupauka, mpini hukatikia mkononi, mwishowe ukishika ukingo unabaki na unga vidoleni. Unga huo ndio tunaouzungumzia. Ndani ya maji, penye ubaridi na giza, hasa kitu kikizama au kikifunikwa na mwani, kuvunjika huenda polepole. Juu ya ardhi, palipo na joto na mwanga, huenda mbio. Kwa hiyo kinu kikuu cha kuisaga plastiki hakipo ziwani. Kipo jaani, kando ya barabara, kwenye mtaro uliokauka Januari na Februari, na juu ya paa ambako mtu amelitupa beseni lililotoboka. Juala likishinda huko juani, likakanyagwa na tuktuk na kutafunwa na mbuzi, mvua ya Machi haibebi juala tena. Inabeba vipande.

Ndiyo maana sishangilii sana picha za wakubwa waliovaa gambuti wakiokota chupa ufuoni Dunga. Si kazi mbaya, lakini chupa nzima inayoelea ndiyo plastiki nyepesi kuliko zote kuishughulikia: inaonekana, inashikika, na ina mnunuzi kwa kilo. Usafi wenye faida kubwa ni ule wa Februari, kwenye mitaro ya Manyatta na Obunga, kabla masika hayajaanza. Na mtaroni hakuna anayependa kupigwa picha.

Mkondo wa mambo unajulikana na kila mkazi. Mto Auji hukatiza Manyatta na Nyalenda, Kisat hupita eneo la viwanda, na yote miwili humwaga ilichobeba kwenye Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria. Jaa la Kachok, jirani na uwanja wa Moi, limebeba taka za mji kwa miongo, na ahadi za kulihamisha zimekuwa sehemu ya siasa za Kisumu. Ghuba yenyewe haina kina kikubwa, na mlango wake wa kutokea ziwa kuu, pale Rusinga, ni mwembamba. Kisha kuna tabia ya Ziwa Victoria lenyewe. Maji yake mengi huingia kwa mvua na kutoka kwa mvuke. Kinachoondoka na Nile pale Jinja ni sehemu ndogo. Maji hupaa, plastiki haipai.

Nakuru wako pabaya zaidi. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka hata mmoja, na jaa la Gioto liko mteremkoni, juu ya mji. Ndani ya mbuga inayolizunguka ziwa hilo, plastiki za kutumika mara moja zimekatazwa tangu tarehe 5 Juni 2020. Ni sheria nzuri kwa mtalii mwenye chupa mkononi, lakini mtaro wa mji haukati tikiti langoni.

Je, samaki? Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Mwanza, upande wa Tanzania wa ziwa hilihili. Kati ya mbuta (sangara) na ngege (sato) walionunuliwa sokoni, mmoja katika kila watano alithibitishwa kuwa na plastiki tumboni. Samaki waliopimwa walikuwa wachache, kwa hiyo tusiigeuze asilimia hiyo kuwa sheria ya ziwa zima. Kinachonivutia ni aina za plastiki zilizotambuliwa: miongoni mwake kulikuwa na polithini, ambayo ndiyo hutengenezewa majuala, na poliesta, ambayo ndiyo nguo zetu.

Mbuta na ngege hupasuliwa, matumbo yakatolewa kabla ya sufuria. Omena, dagaa wa ziwa hili, huliwa mzima, kichwa na tumbo. Tena huanikwa chini, juu ya nyavu kuukuu za nailoni, na ukitazama wavu wa namna hiyo kwa karibu utaona nyuzi zilivyochanguka. Mimi sijaacha omena na sitamwambia mtu aache. Ni protini na kalsiamu kwa bei ambayo nyumba nyingi bado zinaimudu, na hakuna daktari mwenye busara atakayebadilisha hilo na hofu. Lakini mnunuzi ana la kufanya. Omena aliyeanikwa kwenye chanja iliyoinuliwa huwa hana mchanga, na akina mama wanaomuuza hivyo hupata bei nzuri kidogo. Muulize muuzaji ameanikwa wapi, na ukiweza lipa tofauti hiyo ndogo. Halafu ile desturi ya kumwosha kwa maji ya moto mara mbili tatu, ambayo wengi huifanya kwa ajili ya mchanga na harufu, isirukwe. Haigusi kilicho tumboni, ila inaweza kuondoa nyuzi zilizonata juu.

Hapa inabidi tutenganishe maswali mawili ambayo zile orodha huyachanganya. La kwanza ni plastiki gani inafika ziwani. La pili ni plastiki gani inafika kinywani mwako. Ukiacha kunywa maji kwa chupa ya plastiki iliyoshinda juani ndani ya matatu, umejisaidia wewe; ziwa halijajua. Ukimwaga maji ya kufulia kwenye udongo wa shamba badala ya mtaro, umelisaidia ziwa. Tumbo lako halijajua. Yote mawili yanafaa, lakini anayetafuta matokeo ya haraka aanze na swali la pili, kwa sababu jibu lake lipo jikoni na halingoji serikali.

Jikoni adui ni joto. Mwaka 2020 watafiti walichukua chupa za watoto za polipropilini, aina ya plastiki, wakafuata hatua za kawaida za kutayarisha maziwa ya unga, ila kwa maji matupu, wakahesabu hadi chembe milioni 16 kwa lita. Maji yalivyozidi kuwa moto, ndivyo chembe zilivyoongezeka. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nebraska walipasha vyombo vya plastiki kwenye maikrowevu kwa dakika tatu, wakapata baadhi vikitoa chembe zaidi ya milioni 4 kwa kila sentimita mraba. Ipo pia ile habari ya Kanada ya mwaka 2019, ya kifuko cha chai cha plastiki kinachotoa chembe bilioni 11.6 kwenye kikombe kimoja. Wanasayansi wengine waliitilia shaka hesabu yake, kwa hiyo siiegemei. Mwelekeo hata hivyo ni mmoja. Joto, mafuta na mikwaruzo huiachisha plastiki chembe zake.

Sasa tazama jiko la kawaida la magharibi ya Kenya. Wali au matoke hufunikwa kwa karatasi ya nailoni ndani ya sufuria, mfuniko juu yake, ili mvuke usitoroke. Chai inayochemka humwagwa kupitia kichungio cha plastiki, asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka, hadi wavu wake unalegea na kubadilika rangi. Chipsi hutoka kwenye mafuta na kutumbukia moja kwa moja ndani ya juala jembamba. Supu ya kubeba nyumbani hufungwa hivyohivyo. Uji wa mtoto hutiwa ukifuka kwenye kikombe cha plastiki kilichokwaruzwa ndani. Katika yote hayo hakuna hata moja linalotajwa kwenye orodha ya WhatsApp, kwa sababu mwandishi wake hajawahi kufunika wali kwa nailoni.

Matoke yalikuwa na mfuniko wake wa asili, jani la mgomba, na bado migomba ipo. Kichungio cha chuma kinapatikana soko la Kibuye kwa wauza vyombo na kitakaa miaka. Ukienda kununua chipsi au supu, beba bakuli la chuma lenye kifuniko; mwenye kibanda atacheka mara ya kwanza, ya pili atakujazia bila maneno. Uji upoe kidogo kwenye sufuria ndipo uhamie kikombeni, na kikombe kiwe cha bati la rangi, kile cha zamani.

Kuna desturi moja ambayo sijaona ikitajwa popote. Mitungi ya lita 20 ya mafuta ya kupikia hugeuzwa mitungi ya maji ya kunywa, na ikiota utelezi ndani hutiwa mchanga au kokoto na maji kidogo, ikatikiswa kwa nguvu mpaka iwe safi. Inakuwa safi kweli. Lakini kilichotokea ndani ni kwamba kokoto zimeukwangua ukuta wa plastiki, na mikwaruzo ile huendelea kutoa vipande maji yanapotikisika kwenye mkokoteni. Tumia brashi yenye mpini mrefu, na suuza sana. Maji ya kunywa yakifika nyumbani yahamie kwenye nyungu. Bibi zetu walifanya hivyo kwa sababu ya ubaridi, na sababu hiyo haijaisha.

Anayefikiri atakimbilia maji ya chupa za dukani ajue kwamba mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walihesabu wastani wa chembe kama 240,000 kwa lita kwenye maji hayo, asilimia 90 zikiwa nanoplastiki, yaani ndogo kuliko elfu moja ya milimita. Na kuchemsha? Utafiti wa China wa mwaka huohuo ulionyesha kwamba maji magumu, yenye chokaa nyingi, yakichemshwa na kuchujwa hupoteza sehemu kubwa ya chembe, maana chokaa huganda ikazikamata. Kwa maji laini faida ilikuwa kama robo tu, na maji ya Ziwa Victoria ni laini. Endelea kuchemsha kwa ajili ya taifodi na kipindupindu. Kwa plastiki usitegemee muujiza.

Watu huuliza kama haya yote yanaua. Jibu fupi ni kwamba sayansi bado inajenga kesi. Ushahidi mzito nilioukuta ni wa Italia, uliochapishwa mwaka 2024: wagonjwa 257 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya shingo walifuatiliwa kwa karibu miaka mitatu. Wale waliokutwa na plastiki ndani ya utando wa mafuta wa mishipa yao walikuwa na hatari mara nne na nusu zaidi ya kupata mshtuko wa moyo, kiharusi au kufa. Hilo halithibitishi kwamba plastiki ndiyo iliyosababisha. Linatosha, kwa maoni yangu, kumfanya mtu anunue kichungio cha chuma. Halitoshi kumfanya auze shamba kununua mtambo wa kuchuja maji.

Kuhusu moto wa nje niseme kwa ufupi. Kuwasha jiko la makaa kwa kipande cha juala, au kuchoma taka za ploti kila Jumamosi, hakuimalizi plastiki. Moto wa namna hiyo ni dhaifu. Huacha majivu yenye vipande, na moshi wake tunauvuta sisi na watoto.

Matairi ni habari ambayo mtumiaji hana uwezo nayo sana. Makadirio mengine ya mwaka 2017 yalisema kila mtu duniani, kwa wastani, anahesabiwa gramu 810 za unga wa tairi kwa mwaka. Afrika ni pungufu, kwa kuwa magari ni machache. Hata hivyo Kisumu tulikuwa na mtindo wetu wa kufupisha safari ya unga huo, kuosha magari ukingoni mwa ziwa, magurudumu yakiwa ndani ya maji. Ukiosha gari au pikipiki, oshea mahali ambapo maji yatanywewa na udongo. Mwenye boda aangalie upepo wa tairi. Tairi lisilojaa huliwa haraka, na hiyo ni hasara yake kabla haijawa hasara ya ziwa.

Nguo zinanipa faraja kidogo. Watafiti wa China mwaka 2023 walifua kitambaa cha poliesta kwa mashine na kwa mkono. Mashine ilitoa nyuzi zaidi ya 23,000, mkono zisizofika 2,000. Kuloweka, sabuni ya unga na ubao wa kusugulia viliongeza idadi, lakini bado mama fua anaishinda mashine. Kwa hiyo hatuhitaji kichujio cha Ulaya. Tunahitaji kutosugua poliesta kwa brashi ngumu bila sababu, na maji ya povu yaende kwenye udongo mbali na mtaro. Kwenye mitumba ya Kibuye, pamba bado ipo kwa anayejua kupapasa. Na nywele bandia zikifumuliwa zisitupwe kibarazani kwa upepo. Ni nyuzi za plastiki toka mwanzo hadi mwisho, na salon moja hufagia rundo kila jioni.

Nimekaa jikoni kwa makusudi, kwa sababu nikitoka nje ya mlango uwezo wa mtumiaji hupungua haraka, na nachukia makala zinazomtwika mama mboga mzigo wa kiwanda. Marufuku ya majuala ya tarehe 28 Agosti 2017, yenye faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, ilifanya kazi kubwa. Miti ya Kenya haizai tena majuala meusi. Lakini kilichochukua nafasi yake ni ile mifuko ya kitambaa laini kisichofumwa, ambayo ni polipropilini, na huchanguka nyuzi baada ya safari chache za soko. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ilitangaza kuipiga marufuku mwaka 2019. Ingia soko la Jubilee leo uone. Kikapu cha mkonge au kile cha gugu maji kinachosukwa hapahapa Kisumu kingeweza kuimaliza biashara hiyo, bei yake ikishuka kidogo.

Gumu zaidi ni uchumi wa kadogo. Mwenye shilingi 20 hununua sabuni, mafuta ya kujipaka na majani ya chai kwa vipakiti, si kwa kupenda plastiki bali kwa kuwa ndicho kipimo cha mfuko wake. Kipakiti hicho hakina mnunuzi. Chupa huokotwa na kuuzwa. Kipakiti hubaki mtaroni, kwa sababu ni tabaka za plastiki na wakati mwingine alumini zilizogandishwa pamoja, na hakuna anayeweza kuzitenganisha kwa faida. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imeweka wajibu huo kwa mzalishaji, yaani anayeingiza sokoni ndiye agharamie ukusanyaji. Hapo ndipo kilio chetu kinapaswa kuelekea.

Makadirio ya bajeti ya kaunti huwasilishwa kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na vikao vya maoni ya umma huitishwa kabla hayajapitishwa. Watu huenda kuulizia barabara na basari, na wana haki. Safari hii mtu mmoja aulize pia lori la taka linafika Nyalenda siku ngapi kwa wiki, nani anamlipa anayeokota vipakiti visivyo na mnunuzi, na kwa nini fedha za kuzibua mitaro hutoka mvua ikiwa imeshanyesha.